Pakwach: Mji tunaouvuka tukiwa usingizini

Na Mwandishi Wetu, Kampala

WASAFIRI wengi wanaopanda basi la usiku hapa Kampala kwenda Arua wanaujua mji wa Pakwach kwa mambo mawili tu: sauti ya konda anayewaamsha na harufu ya samaki wa kukaanga inayoingia dirishani. Wengine hawaamki kabisa. Wanavuka Mto Nile wakiwa wameegemea mabegi yao, wanakuja kuzinduka Nebbi, au Arua kwenyewe, jua limekwisha kuchomoza.

Nami nilikuwa mmoja wao. Nimepita Pakwach mara nyingi mno, lakini sikuwahi kulala hapo hata usiku mmoja, hadi mdogo wangu aliponipigia simu akitaka nimchangie fedha ajenge upya stoo yake ya samaki kando ya mto. Stoo ya kwanza ilimezwa na maji mwaka 2020. Nilimjibu kwamba sitatoa hata shilingi kabla ya kuona mahali penyewe.

"Basi njoo, kaka," akasema. "Ila safari hii ushuke."

Nilishuka. Nilikaa siku tatu, na haya ninayoyaandika nawaandikia watu wa aina mbili: yule aliyevuka daraja lile akirudi nyumbani kutoka ukimbizini, na yule anayelivuka kila wiki akiwa na mzigo wa kwenda Goli, Vurra au Ariwara.

Mto mmoja, mara mbili

Safari huanzia Arua Park, katikati ya jiji la Kampala. Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kuelezwa mahali hapo. Malori hupakia humo sabuni, magodoro, mabati na soda za kwenda West Nile, Congo na Sudan Kusini, na wapagazi hugombana kwa Kilugbara, Kialur, Kinubi, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha Bunia, vyote kwa pamoja. Mtu akitaka kujua bei za Ariwara zikoje leo, na aende Arua Park akanunue chai, akae kimya asikilize.

Kutoka hapo hadi Pakwach ni zaidi ya kilomita 350. Barabara ya Gulu inapita Bombo, Luweero, Kafu, Kigumba na Bweyale hadi Karuma, ambako daraja la mwaka 1963 linavuka Nile. Ukishavuka unakunja kushoto, unaiambaa mbuga ya wanyama ya Murchison Falls kupitia Olwiyo, na baada ya zaidi ya kilomita 100 unaukuta tena mto mbele yako. Wasafiri wengi hudhani huo ni mto mwingine. Ni ule ule. Kutoka Karuma unateremka kwa fujo hadi maporomoko ya Murchison, unaingia Ziwa Albert kwenye ncha yake ya kaskazini, kisha karibu hapo hapo unageuka na kutoka ukielekea kaskazini, ukiwa mpole kama mtu aliyechoka kupiga kelele. Nile hii ya pili huitwa Albert Nile, na Pakwach iko kwenye ukingo wake wa magharibi.

Nasisitiza upole huo kwa sababu nitaurudia nikifika kwenye habari ya stoo.

Kabla hujafika darajani, tazama kushoto. Tembo huonekana mara kwa mara kando ya barabara, upande wa lango la Tangi la mbuga. Abiria wenzangu waliosafiri mchana walisimama wote upande mmoja wa basi, dereva akawakaripia kwamba watalipindua. Darajani, weka simu mfukoni. Askari hulilinda, na picha za daraja hazitakiwi. Nimeona kijana akiteremshwa na kuamriwa azifute moja moja huku basi zima likimsubiri, na hakuna aliyemwonea huruma.

Ukilipita daraja, joto hukupokea. Kampala iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari. Pakwach haifiki mita 650. Mji wenyewe ni mdogo. Kuna barabara kuu yenye maduka, vituo vya mafuta na nyumba za wageni, na njia za vumbi zinazoshuka mtoni. Wauzaji wanaukimbilia mlango wa kila basi na sinia kichwani: samaki, mihogo, mayai, maji ya baridi. Pembeni kuna vikapu vya kusuka ambavyo watu wa Kampala huvinunua kwa kulalamikia bei, kisha wakavipange sebuleni.

Wenyeji wa kingo hizi huitwa Jonam, yaani watu wa maji, ndugu wa Waalur wa milimani. Kwach ni chui, na Pakwach ni mahali pa chui. Chui sikumwona.

Mkuki na ushanga

Siku ya pili mdogo wangu alinipeleka karibu na mahali panapoitwa Wang Lei, ambapo kila mtoto wa Kialur na wa Kiacholi amepasikia hata kama hajawahi kupaona. Ndipo, kwa mujibu wa wazee, ndugu wawili Gipir na Labongo walipoachana.

Masimulizi hutofautiana kwa majina, maana upande mmoja wa mto humpa huyu kosa na upande wa pili humpa yule. Kwa jinsi nilivyosimuliwa nyumbani, tembo alivamia shamba, Gipir akashika mkuki uliokuwa karibu, ambao ulikuwa wa Labongo, akamchoma. Tembo akakimbia nao. Labongo akakataa fidia yoyote. Alitaka mkuki ule ule. Gipir akaenda mwituni kwenye nchi ya tembo, akateseka, akasaidiwa na bikizee mmoja, akarudi na mkuki pamoja na shanga nzuri. Siku moja mtoto wa Labongo akameza ushanga mmoja, na sasa ikawa zamu ya Gipir kutaka ushanga ule ule. Mtoto akapasuliwa. Baada ya hapo ndugu hawakuweza kuishi pamoja. Walizika shoka mtoni, Gipir akabaki na watu wake magharibi, Labongo akaenda na wake mashariki.

Nikiwa mtoto hadithi hiyo ilinitisha kwa sababu ya mtoto yule. Safari hii, nikiwa na bahasha ya fedha mfukoni na ndugu yangu pembeni, ilinikaa kwa namna nyingine. Hatukuongea sana tuliporudi.

Mpaka uliohama wenyewe

Wafanyabiashara wa Goli hupenda kusema mpaka huu uliwekwa na Wazungu. Ni kweli, lakini wengi hawajui uliwahi kupita Pakwach yenyewe. Kuanzia mwaka 1894 ukingo wa magharibi wa mto, kutoka Ziwa Albert kwenda kaskazini, ulikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, katika eneo lililoitwa Lado. Waingereza walikubaliana naye kwamba lingekuwa lake kwa muda wa uhai wake tu. Alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata Lado likawa chini ya Sudan. Sehemu yake ya kusini, ambayo ndiyo West Nile ya leo, iliingizwa Uganda mwaka 1914.

Kwa hiyo babu aliyezaliwa Pakwach mwaka 1900 alizaliwa chini ya mfalme wa Ubelgiji, akawa Msudani akiwa kijana, akaoa akiwa Mganda, na huenda hakuhama hata hatua mia moja kutoka kwenye boma lake. Ninawakumbusha hilo maofisa wa mpakani wanaomuuliza mama mwenye kikapu cha maharage uraia wake kana kwamba ni jambo jepesi.

Enzi hizo mto ndio uliokuwa barabara. Emin Pasha, gavana wa Ikweta aliyetengwa na Misri kwa sababu ya vita vya Mahdi, alikuwa na makao yake Wadelai, chini kidogo ya Pakwach, katika miaka ya 1880. Baadaye Waingereza waliweka meli za mvuke kutoka bandari ya Butiaba, zikapita Pakwach hadi Nimule, ambako mawe na maji ya kasi huzuia chombo chochote kuendelea.

Kisha bahati ya mji ikaja kwa mkupuo. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliiharibu bandari ya Butiaba. Reli kutoka Tororo, iliyopita Soroti, Lira na Gulu, ikafika Pakwach mwaka 1964 na kuishia hapo. Daraja likafuata kabla ya muongo ule kwisha. Pamba na tumbaku ya West Nile ikawa inapakiwa Pakwach kwenda hadi Mombasa. Mjomba wangu alikuwa kuli pale stesheni, na mpaka anafariki alikuwa akiwaambia wajukuu kwamba angeweza kulala Pakwach na kuamka baharini. Hakuwahi kwenda, lakini alijua inawezekana. Treni hizo ziliacha kuja kabla ya karne kwisha, na matengenezo yaliyofanywa miaka ya karibuni yameishughulikia zaidi sehemu ya Tororo hadi Gulu.

Kwa magari, daraja la Pakwach ndilo daraja linalotegemewa kwenye Albert Nile ndani ya Uganda. Huko chini, Laropi na Obongi, watu wamezoea kusubiri kivuko. Atakayelifunga daraja la Pakwach ameifunga West Nile, na hilo majeshi yamelijua siku zote.

Siku tuliyovuka kwa miguu

Aprili 1979 serikali ya Idi Amin ilipoanguka, jamaa wengi wa West Nile waliokuwa Kampala hawakusubiri kuulizwa kama walikuwa askari au wapishi. Nilikuwa na miaka minane. Tulivuka daraja la Pakwach juu ya lori la mizigo, usiku, na mama alinifunika kichwa kwa khanga nisione maji. Wiki chache baadaye majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yakafika Arua, na mwanzoni mwa Juni yakawa mpakani mwa Sudan. Wazee wa huko wanasema Watanzania ndio waliowafanya wajue kwamba Kiswahili kinaweza kuzungumzwa bila kufokewa. Kabla ya hapo, kwa wengi wao, tangu enzi za jeshi la KAR, kilikuwa lugha ya amri.

Tulidhani yamekwisha. Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin waliingia kutoka ng'ambo, na kisasi kilichofuata kikawaangukia raia. Watu kwa malaki walikimbilia Zaire na Sudan. Sisi tulikwenda upande wa Mahagi, tukalima mihogo kwenye shamba la watu, na huko ndiko mdogo wangu alikozaliwa. Ndiyo maana hadi leo Kiswahili chake kina lafudhi ya Congo, na ndiyo maana anafanya biashara vizuri kuliko mimi. Wakongo wanamwona wa kwao, na Waganda nao vivyo hivyo.

Tulirudi Uganda mwaka 1986, na mwaka uliofuata baba akatupeleka Kampala. Darajani tuliteremshwa wote ili mizigo ikaguliwe, tukavuka kwa miguu. Nakumbuka upana wa mto kwa sababu safari hii hakuna aliyenifunika. Mama alitembea polepole mno, askari wakamwambia aharakishe. Akawajibu kwa Kiswahili chake cha Zaire: "Ngojeni kidogo, baba. Nilipita hapa bila kuangalia."

Najua wako wasomaji ambao mama zao walisema maneno ya namna hiyo, au walinyamaza tu.

Amani haikuja mara moja. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, barabara ya Karuma hadi Pakwach iliogopwa kuliko zote. Waasi wa LRA waliviziа magari upande wa mashariki, na kwa muda kulikuwa na waasi wa West Nile Bank Front upande wa magharibi. Mabasi yalikwenda kwa msafara, yakiwa na ulinzi wa jeshi. Tulikuwa tukikusanyika Karuma asubuhi tukisubiri magari yatimie, na tulipofika Pakwach watu walishuka kununua samaki huku wakicheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Kwa wasafiri wa miaka ile, Pakwach ilimaanisha umefika salama.

Samaki, faranga na maji

Siku hizi hofu ni nyingine. Pakwach imekuwa wilaya tangu mwaka 2017, ilipomegwa kutoka Nebbi, na utajiri wake mkubwa ni samaki. Sangara, ambaye kwetu huitwa mputa, huenda zaidi Kampala. Angara hutiwa chumvi na kukaushwa, akapata soko West Nile na Congo. Muziri na ragoge, samaki wadogo wasio na heshima mezani, ndio wanaowalisha watu wengi. Mzigo hutoka Panyimur na Dei, kusini kidogo kwenye Ziwa Albert, ukapanda kwa gari hadi Nebbi na Goli, au ukavuka kwa boti kwenda Mahagi-Port. Kutoka Congo huja mbao, kahawa, maharage na mawese. Anayekwenda Juba kwa kawaida hapiti hapa. Njia yake ni Gulu na Elegu, isipokuwa kama anazungukia Arua na Koboko.

Mdogo wangu alinipa mawaidha mawili niwafikishie wanaotaka kuanza. La kwanza, usinunue samaki wachanga hata wakiwa bei ya bure, kwani mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kusimamia sheria ya uvuvi kwenye maziwa, na mzigo ukikamatwa hakuna wa kumlilia. La pili, jua habari za barabara kabla hujanunua barafu. Septemba 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo ya miezi mitatu, malori makubwa yalizungushwa kupitia Mbale, Soroti na Lira. Magari mengi madogo yalipitia Masindi na Paraa, katikati ya mbuga, kwenye lami na daraja jipya vilivyojengwa kwa ajili ya mradi wa mafuta. Yeye alikuwa na makreti kumi na mawili ya sangara njiani siku zile. Yaliyofika Kampala yakiwa mazima ni saba.

Baada ya hayo tukashuka mtoni kuiona stoo.

Ilikuwa imebaki sakafu ya saruji na kipande cha ukuta kinachofika magotini. Kwenye nguzo ya mwembe iliyo jirani palikuwa na mstari mweusi, juu ya kichwa changu. Hapo ndipo maji yalipofika. Nilimuuliza yalikaa muda gani, nikidhani atasema wiki. Akasema aliondoka akiwa na stoo, akarudi baada ya mwaka akikuta matete.

Sababu ni ule upole wa mto. Maji ya Pakwach hutoka pande mbili. Kuna yanayotoka Ziwa Victoria kupitia Jinja, Ziwa Kyoga na Karuma, na kuna yanayotoka Rwenzori na Ziwa Edward kupitia Mto Semliki. Yote hukutana Ziwa Albert, na mlango wa kutokea ni mmoja, huu wa Pakwach. Kutoka hapa hadi karibu na Nimule mto hauna mteremko wa maana, umejaa matete na mafunjo. Ziwa likijaa, halishuki kwa haraka. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likaipita hata hiyo. Kwa hiyo anayeweka mali kando ya mto hapa asitazame mawingu ya Pakwach. Asikilize redio inasema nini kuhusu Jinja, kisha ahesabu miezi.

Nikapima kwa hatua kutoka ukingoni hadi kwenye ile sakafu. Hatua arobaini na tatu. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinakataza ujenzi ndani ya mita 100 kutoka ukingo wa Nile, na mita 200 kutoka ufuo wa Ziwa Albert.

"Kaka, boti zinatia nanga hapa," akasema. "Nikijenga juu, nani atanipandishia samaki?"

"Mwaka 2020 alikupandishia nani?"

Hakujibu. Kweli ana hoja. Wanawake wote wanaonunua muziri hapo huweka mzigo wao hatua chache kutoka majini, na anayefika wa kwanza kwenye boti ndiye anayepata bei. Kilomita moja kwa mfanyabiashara mwenye pikipiki si kitu, lakini kwa mwenye beseni kichwani ni faida yote ya siku. Serikali inaposema watu wahame ukingoni, ingefaa iseme pia boti zitashusha wapi.

Tulibishana hadi jioni. Mwisho tukapata kiwanja cha kupanga upande wa juu, si mbali na njia ya reli, chenye chumba kimoja na kivuli cha mwarobaini. Fedha niliyokusudia ya matofali tukaigawa: kodi ya miezi sita, na sehemu ya bei ya pikipiki ya magurudumu matatu. Alikubali uso ukiwa umekunjamana. Ile sakafu ya zamani amesema ataitumia kuanikia angara wakati wa kiangazi, na hapo sikuwa na la kusema, maana jua halihitaji kibali.

Basi la kurudi Kampala lilifika saa nane za usiku. Mdogo wangu alinipandishia boksi la samaki, akanikumbusha nilipe konda mimi mwenyewe. Ndani walikuwa wamelala wote, mwanamke mmoja akiwa na mtoto aliyefunikwa kichwa kwa khanga. Nilikaa upande wa dirisha. Daraja lilipoanza kuunguruma chini ya matairi nilifuta kioo kwa kiganja, nikautazama mto mpaka giza la mbuga lilipoufunika.